Chumvi, Sukari na Ulimi wa Bi Mwanamvua

Juzi mjukuu wangu aliye kidato cha tatu aliniletea mchoro wa utando wa seli. Alikuwa ameupaka rangi zote alizonazo, mpaka ukafanana na leso. Akaniuliza, "Bibi, uko sawa?" Nikamwambia uko sawa, ila leso kila moja ina jina lake, na hii yako sijaona ilipoandikwa. Hakucheka. Vijana wa siku hizi ukiwatania wanakutazama kama umewamalizia bando.

Alipoondoka nilibaki nikifikiri. Nimefanya kazi ya uuguzi tangu usichana wangu mpaka magoti yakagoma kupanda ngazi za nyumba za Mkomani, mtaa wetu wa kale hapa kisiwani Amu, na sijawahi kumtibu mtu kwa mchoro. Lakini karibu kila niliyemtibu, dawa ilimfikia kwa kupita kwenye utando huo. Kwa hivyo nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi, hasa nyinyi mliopangiwa visiwani mkalia kwa sababu mtandao unakatika. Mtandao utarudi. Someni hiki wakati mnaungoja.

Nianze na nyumba, kwa kuwa nyumba mnazijua. Nyumba za kwetu Mkomani zilijengwa na watu ambao hawakutaka kila abishaye hodi aingie mpaka jikoni. Mgeni hukaa dakani, pale penye viti vya mawe mbele ya mlango. Akiwa ni wa kukirimiwa zaidi hupelekwa chumba cha wageni. Ndani kabisa hafiki isipokuwa amechukuliwa na mtu wa nyumba. Nimeona wanaume wazima, wafanyabiashara wa kuheshimika, wamekaa dakani toka adhuhuri hadi alasiri wakisifia nakshi za mlango kwa kukosa la kufanya.

Seli nayo ina utaratibu kama huo. Utando wake umejengwa kwa safu mbili za mafuta. Kila chembe ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili isiyotaka hata kuyasikia. Safu ya nje imegeuza vichwa nje, kwenye maji ya mwili. Safu ya ndani imegeuza vichwa ndani, kwenye maji ya seli. Mikia yote imekutana katikati, imejificha. Hakuna msumari wala chokaa. Kinachoushikilia utando usisambaratike ni huko kuyakimbia maji kwa pamoja. Wala usidhani umetulia kama ukuta. Mafuta hayo yanatembeatembea muda wote, ubavu kwa ubavu, na nyumba haianguki.

Oksijeni hupita katikati ya mafuta bila kumwamkia mtu. Chumvi na sukari haziwezi, kwa kuwa zinapenda maji mno na mafuta hayazitaki. Hizo hutegemea milango, na milango yenyewe ni protini zilizochomekwa kwenye utando, kila mmoja na mgeni wake. Upo mlango wa maji peke yake. Ipo pampu inayotoa chumvi nje mchana na usiku, kwa nguvu na kwa gharama, kwa sababu chumvi haikomi kupenya ndani. Kama umewahi kukaa kwenye mashua inayovuja, kopo mkononi, ukiteka maji na kuyamwaga baharini huku wenzako wakizungumza habari za mpira, basi pampu hiyo huna haja ya kuelezwa.

Na upo mlango mmoja wa utumbo ambao naomba mniwekee moyoni. Chumvi ikija hapo peke yake, inabaki dakani. Ikija imeshikana mkono na sukari, mlango unafunguka na zote mbili zinaingia. Zikishaingia, maji huzifuata, kama watu wanavyofuata harufu ya pilau ya arusi: hakuna aliyewaalika, na wote wameshakaa. Ugonjwa wa kuharisha huvuruga mengi utumboni, lakini mlango huo mara nyingi unauacha mzima. Watoto wengi wa visiwa hivi wako hai kwa sababu ya mlango huo, na hawaujui.

Nilipoanza kazi, tuliwakuta wakubwa wetu wengine bado wana desturi ya kumnyima mtoto anayeharisha maji na chakula, ili tumbo lipumzike. Tumbo lilipumzika kweli, na mara nyingine mtoto naye akapumzika moja kwa moja. Siwacheki, walifanya walivyofundishwa na waliumia kama sisi. Kisha ikawa dripu, na kutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto aliyekauka ni kazi ambayo siwatakii. Baadaye zikaja pakiti za chumvi na sukari za kukoroga kwenye maji, na hapo nikadhani shida imekwisha. Sikuwa nimewahesabu akina mama. Mmoja wa Wiyoni alinishika mkono pale dirisha la dawa.

"Sista, nimekuya na yua lote hili, mwanangu mgongoni, mwanipa sukari na munyu?"

Munyu ndiyo chumvi kwa kwetu. Nikamweleza kwamba hiyo pakiti ndiyo dripu yenyewe, ila haina sindano.

"Basi nipa hiyo yenye sindano," akasema.

Pakiti zenyewe nazo zimebadilika. Zile za zamani zilikuwa na chumvi nyingi zaidi; wataalamu wakaipunguza, na siku hizi mtoto hupewa na vidonge vya zinki juu yake. Ukimsikia muuguzi anasema sisi zamani tulifanya hivi na watu walipona, mwombe akwambie na wale ambao hawakupona.

Sasa kuhusu maji na chumvi vinavyovutana, niwapeleke kidogo chuoni, kule nilikosomea uuguzi. Tulikuwa na mwalimu wa kutoka bara ambaye sikuwahi kuyaona meno yake. Siku moja alimtoa damu mwenzetu aliyejitolea, aliyejitolea kwa kuwa alikaa karibu na meza, akaitia tone tone kwenye bilauri tatu. Bilauri ya maji matupu ilibadilika ikawa nyekundu inayong'aa kama sharubati. Seli zilikuwa zimekunywa maji mpaka zikapasuka. Ya maji yenye chumvi kadiri ya mwili haikubadilika. Ile ya chumvi nyingi tukaiangalia kwa hadubini, tukaona seli zimesinyaa, zimekunjamana, maji yake yametoka yakaifuata chumvi nje. Mwenye damu alipoelezwa yaliyozipata seli zake akaanguka. "Mlazeni ubavu," mwalimu akasema, "tuendelee." Mama yangu aliyajua mambo hayo kwa upande wake. Alikuwa akipasua samaki, akimpaka chumvi, na maji yakichuruzika mpaka chini ya kapu. Yeye hakuita osmosisi, aliita ng'onda.

Kazi yenyewe, ile ya kukaa na watu, nilifundishwa na Bwana Sefu. Alikuwa afisa wa kliniki, mtu wa Mkomani, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani, na wagonjwa wakimwita daktari alikuwa hakatai wala hakubali. Maneno yake yalikuwa machache mpaka wagonjwa wengine wakidhani wamemkosea. Alinifundisha kwamba ukiingia nyumba ya mgonjwa, kaa kitako kwanza. Ukiletewa chai, kunywa. Mtu hawezi kukueleza ukweli wa nyumba yake ukiwa umesimama mlangoni na mkoba begani kama mwenye kudai kodi. Nilidhani ni adabu tu. Ilikuwa ni uchunguzi.

Basi mwaka mmoja mvua zilichelewa. Mkokoni, kule bara ng'ambo ya Kiwayu, watu hunywa maji ya mvua yanayokusanywa kwenye majabia, yale mahodhi makubwa ya saruji, na mwaka huo majabia yalikauka mpaka watoto wakacheza ndani yake. Watu wakarudi kwenye visima vya karibu na pwani, na kuharisha kukaingia. Mimi na Bwana Sefu tulipelekwa kwa mashua ya injini pamoja na maboksi ya pakiti. Tulitibu, tukafundisha, na kabla ya kuondoka tukawaambia akina mama: pakiti zikiwaishia, chemsheni maji, tieni sukari na chumvi kwa kipimo hiki cha kijiko, kisha onjeni, iwe na chumvi kadiri ya machozi, isizidi. Maneno hayo ya machozi tuliyakuta kwenye karatasi ya mafunzo. Yalitupendeza, tukayasema vile vile.

Safari ya pili tulifika Ijumaa asubuhi na watoto wengi walikuwa wakifukuza kuku. Pakiti tulizowaachia zilikuwa zimekwisha. Mama mmoja akatwambia yeye alimnyonyesha mwanawe tu, kijiko hakukiona. Mwingine alitia sukari na chumvi kwa kukisia, na hakuonja kwa kuwa alikuwa na haraka. Wote waliotusikiliza nusu nusu, watoto wao walikuwa wazima. Aliyetusikiliza neno kwa neno alikuwa Bi Mwanamvua, na mjukuu wake Tima ndiye aliyekuwa akifa.

Bi Mwanamvua alikuwa mama mtu mzima, msafi wa nyumba na wa maneno. Binti yake Amina, mama wa mtoto, alikuwa ndiyo kwanza ainuke kwenye homa, kwa hivyo dawa ya mtoto aliifanya bibi. Tima bado alikuwa wa kunyonya. Tulimkuta mdomo umekauka kama kitambaa, analia kwa sauti nyembamba na hana machozi. Akiona kikombe alikirukia kwa mikono miwili. Nilifinya ngozi ya tumbo nikitegemea ile ngozi iliyolegea tuliyoizoea. Hii ilikuwa nzito, kama unga uliokandwa. Mara kwa mara mkono wake ulishtuka wenyewe. Mtoto anayeharisha akipewa dawa sawasawa anapata nafuu. Huyu alikuwa akipewa kila saa, na kila saa alizidi.

Bwana Sefu akakaa kitako. Nikakaa. Chai ikaletwa.

Niliinywa funda moja, nikadhani Bi Mwanamvua amekosea kopo akatia chumvi mahali pa sukari. Nilimtazama Bwana Sefu. Alikuwa ameimeza yake na uso haukubadilika, lakini kikombe alikishika hewani.

"Bi Mwanamvua," akasema, "mai ya chai hii ni ya wapi?"

"Ya kisima hiki chetu. Matamu haya. Ya kisima cha kule tini ndiyo ya munyu."

"Na dawa ya mtoto waifanyaye?"

"Kama mlivyonambia. Natia kijiko cha munyu, naonja. Sisikii munyu hata. Naongeza, naonja. Naongeza hata niusikie kama wa matozi." Akatutazama kwa zamu, mimi na yeye. "Sikosei, dakitari. Kila siku naonja."

Bwana Sefu akakiweka kikombe chini taratibu.

Mmeelewa? Ulimi wa Bi Mwanamvua ulikuwa umekunywa maji ya kisima kile tangu utotoni, kila jabia lilipokauka. Chumvi iliyokuwa ndani yake haikuwa chumvi kwake. Ilikuwa ndiyo ladha ya maji. Kipimo chetu cha machozi kilitungwa na mtu ambaye maji yake ni matamu. Mtu wa Mkokoni akikifuata kwa uaminifu wote, anamnywesha mtoto maji yanayokaribia bahari. Na chumvi ikizidi hivyo, ule mlango wa utumbo hautoshi. Inayobaki utumboni huvuta maji ya mwili yatoke. Ile iliyoingia damuni huvuta maji ya ndani ya seli nayo yatoke. Mtoto anasinyaa seli kwa seli, kiu inamzidi, na kwa kuwa ana kiu anapewa tena.

Bi Mwanamvua hakuelezwa yote hayo, lakini alikuwa na akili yake, na alitusoma nyuso. Akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

"Ni mimi?" akauliza. "Ni mimi niliyemfanya haya?"

"Ni maneno yetu na mai yenu," Bwana Sefu akamwambia. "Yamekutana kwake."

Hakufarijika. Mimi pia sikufarijika.

Bahari ilikuwa imekupwa na mashua imekaa mchangani. Mpaka maji yajae, hospitali ilikuwa ni sisi. Pakiti tulikuwa nazo, ila ilitakiwa maji matamu, na maji matamu pale Mkokoni siku hiyo yalikuwa ndani ya jerikeni la nahodha wetu, Bwana Lali. Aliyachota Shela kabla hatujaondoka, na nilipomfuata pwani nilimkuta amelikalia. Akasema hayo ni ya chai yake mpaka Amu. Nikarudi kwa Bwana Sefu na jibu hilo, naye akanituma tena na ujumbe.

"Bwana Lali, umeambiwa chai yako ipikwe kwa mai ya kisimani. Bi Mwanamvua asema ni matamu."

Alifikiri kidogo, akainuka, akanipa jerikeni.

Hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko pote. Amina alipoliona jerikeni la maji matamu, na mtoto wake ana kiu ya kupasua kifua, alichukua kikombe akamimina mpaka kikafurika. Nikamnyang'anya. Mbele ya mama yake na majirani, nilimnyang'anya mama kikombe cha maji ya mwanawe anayekufa kiu.

"Una roho gani wewe?" akaniuliza.

Sikuwa na roho nzuri wakati ule, nilikuwa na hofu tupu. Niliziona zile bilauri za mwalimu wa chuoni. Seli za ubongo wa Tima zilikuwa zimesinyaa na zimeshaanza kuizoea hali hiyo, zikijilimbikizia chumvi ndani ili zisiishiwe maji. Ukimmiminia maji matupu kwa wingi, maji yangepita kwenye utando kwa kasi kufuata chumvi iliyo ndani, seli zingefura, na fuvu la kichwa halina pa kutanukia. Mtoto angekunywa, angetulia, mama angeshukuru Mungu, kisha degedege lingemchukua. Maji matamu aliyoyahitaji ndiyo yangemuua kama angeyapata kwa pupa.

Kwa hivyo tulikoroga pakiti kwenye maji ya Bwana Lali, kwa chupa ya kipimo, bila kuonja. Kijiko cha dawa. Kungoja. Ziwa la mama. Kungoja. Kijiko. Tima alikuwa akikiuma kile kijiko na kulia kikiondoka, na kila akilia Amina alinitazama vile mtu anavyomtazama mwizi.

"Ana kiu!" akasema. "Mwampa kwa kijiko kama ndege!"

"Maji yanaingia, mwanangu. Lazima yaingie polepole."

"Wewe mwanao alipokuwa na kiu ulimpa kwa kijiko?"

Nikajaza kijiko kingine. Basi akawa hanisemeshi tena. Akitaka kitu anamwambia mama yake, naye ananiambia mimi, nasi sote tumekaa mkeka mmoja.

Bwana Sefu alirudi kutoka swala ya Ijumaa, akiwa bado na kanzu yake nyeupe, akaona dawa inanimwagikia kabla kijiko hakijafika mdomoni. Akamchukua mtoto mapajani mwake na kijiko akakishika yeye. Tulichokuwa tukikingoja ni mkojo. Figo za mtoto aliyekauka hubana kila tone. Zikiachia, ujue maji yamefika mpaka huko ndani na mwili umeona yanatosha kidogo. Bi Mwanamvua alifunua nguo ya mtoto akatazama, akafunika. Akafunua tena. Kushtuka kwa mkono kulipungua, na Tima akaacha kukiuma kijiko. Sikujua kama ni nafuu au ni kuchoka, na nilipomtazama Bwana Sefu nikaona naye hajui.

Ilikuwa inakaribia alasiri, mwadhini amekwishaanza kukohoa kwenye kipaza sauti, pale kanzu ya Bwana Sefu ilipobadilika rangi mapajani, kidogo kwanza, kisha ikaenea.

Bi Mwanamvua akaruka. "Astaghfirullah! Dakitari, kanzu ya swala! Nipa mtoto, nipa mtoto!" Nyinyi mliosoma fiqhi mnajua: mtoto wa kiume anayenyonya tu, kunyunyizia maji kunatosha. Wa kike, kama Tima, ni kuosha. Na Bwana Sefu kanzu alikuja nayo hiyo moja.

"Muwateni," akasema, akamzuia kwa mkono. "Muwateni amalize."

Akabaki amekaa vile vile, miguu ameikusanya ili asimsumbue, machozi yakimshuka mpaka kwenye ndevu. Tima akageuza kichwa, akaanza kulitafuta ziwa la mama yake.

Amina aliweka kiganja juu ya ile kanzu iliyorowa, akakikandamiza pale kama anayehakikisha kuwa ni kweli. Kisha akanishika mkono wangu kwa kiganja hicho hicho, kwa nguvu, bila kusema neno. Kunawa mikono ni sheria ya kwanza ya kazi yetu, na nimewafundisha wengi sheria hiyo kwa ukali. Siku ile sikunawa mpaka swala iliponilazimisha.